Nilivyomchagulia Bwana Hayashi Theluji

Kuna watu hapa Bagamoyo ambao mpaka leo wakipita karibu yangu huniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, kama huko Japani baridi imeshaanza, na mimi huitikia kwamba bado, kisha kila mtu hushika njia yake. Ninyi mliohamia juzi mmekuwa mkidhani ni utani wa wazee. Ni aibu yangu hiyo, ina umri mkubwa kuliko wengi wenu, na kwa kuwa leo mmenibana na kahawa iko tayari, nitaitoa mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu ambao siku ile hata hawakuwepo.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nina miaka ishirini na minne, msimamizi kwenye majaruba ya chumvi kaskazini mwa mji, yale madimbwi ya maji ya bahari yanayoachwa yakaukie juani mpaka yabaki meupe, kazi ambayo ukiifanya siku nyingi macho yanauzoea weupe na kichwa kinazoea kuzurura. Kichwa changu kilikuwa na ugonjwa huo tangu utotoni. Shangazi Saada, aliyenilea baada ya wazazi wangu kufariki, alikuwa akisema Shomari anaweza kuondoka huku amekaa, na kweli, ningeweza kuwa nimeshika kikombe cha chai mkononi na mwenyewe niko Ngazija, au Bombei, au mahali pasipo na jina ambako watu wote wananifahamu na kunipisha njia. Chai ilikuwa inapoa hivyo hivyo.

Mwaka huo nilikuwa nimeposa. Binti mwenyewe alikuwa Zuhura, mtoto wa Mzee Athumani mshona kanzu, aliyeweka cherehani yake barazani karibu na soko, mtu wa maneno machache ambaye akikupima mabega kwa ile futikamba yake unahisi anakupima na tabia. Zuhura nilimjua tangu chuoni, tukisoma Kurani (alikuwa mbele yangu kwa juzuu mbili, na hakulificha hilo). Alikuwa na namna yake ya kucheka amechelewa, wenzake wote wameshamaliza ndipo yeye anaanza, peke yake, taratibu, na wewe uliyesema la kuchekesha unajiona umesema vizuri mara mbili. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu kwa haya yatakayofuata mnaweza kudhani sikumpenda. Posa ikakubaliwa, harusi ikapangwa Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, watu wapumue kidogo baada ya Idi, na kwao ukili ulikuwa umeshaanza kusukwa kwa ajili ya mikeka ya shughuli.

Sasa aingie Bwana Hayashi. Huyu alikuwa Mjapani, mtaalamu wa visima, amekuja kutafuta maji katika vijiji vya kaskazini, huko Mkange na pembezoni mwake, na siku za kupumzika alikuwa anakaa mjini, kwa Shangazi, chumba cha chini. Kiswahili alijifunza darasani huko kwao, kwa hiyo alikisema sanifu kutupita sisi wenyewe, neno moja, anatua, neno jingine, anatua. Mimi nilikuwa namfundisha yale ya barazani ambayo darasani hayafiki, naye alikuwa ananifundisha kukaa kimya bila kuona haya. Tulipatana sana. Nilimwalika na harusini, akatoa kijitabu chake mfukoni, akaandika tarehe, akainamisha kichwa kama kawaida yao.

Basi alasiri moja, Idi imepita siku chache, narudi kutoka kazini miguu imeng'atwa na chumvi, namkuta Bwana Hayashi barazani amekaa juu ya mkeka na mbele yake ametandaza vijitabu vitatu vya picha na barua ndefu. Nikaketi. Akanieleza, polepole, kwamba barua imetoka kwa mkewe. Kwamba baba mkwe wake ana nyumba ya mapumziko milimani, nyumba ya mbao, wanayokwenda wakati wa baridi kali. Kwamba karibu na nyumba hiyo kuna mahali patatu ambapo watu hupanda juu kabisa ya mlima wamejifunga mbao ndefu miguuni kisha wakateleza juu ya theluji mpaka chini, si kwa bahati mbaya, kwa kupenda. Na kwamba yeye atapata likizo mwezi wa Januari, mkewe anataka achague waende wapi, na yeye amekaa juani muda mrefu mpaka amesahau baridi ikoje, hawezi kuchagua.

Nikavitazama vile vijitabu, jamani. Cha kwanza kilikuwa na mlima mkubwa, na viti vinaning'inia kwenye waya, watu wamekaa wanapandishwa angani miguu inabembea, na chini hoteli yenye madirisha zaidi ya mia. Cha pili mlima wake ulikuwa umesimama wima kama ukuta, na vijana wamejikunja wanashuka, nyuma yao vumbi jeupe. Cha tatu kilikuwa kidogo, karatasi yake hata haing'ai. Kilima cha wastani, miti myeusi iliyobeba theluji kwenye matawi, hakuna watu wengi, na nyuma ya miti dimbwi la maji linatoka moshi. Bwana Hayashi akasema yale ni maji ya moto yanayotoka ardhini yenyewe, mtu akishachoka kuteleza anaingia humo anakaa, theluji inamdondokea kichwani.

"Shomari," akaniuliza, "wewe ungechagua upi?"

Ninyi ni watu wa pwani, mtanielewa. Kwetu mtu akifunua kawa mbili akakuuliza unapenda wali wa nazi au biriani, haulizi ili azijue habari zako, anauliza kwa kuwa utakula. Hatumuulizi chaguo lake mtu ambaye hatumpakulii, ungekuwa ufedhuli. Na aliyeulizwa naye ana adabu yake, harukii, anasema chochote, popote, mpaka aulizwe mara ya tatu ndipo aseme. Na akishasema, haulizi tena kama kweli amealikwa, wala safari ni lini, wala nani atagharamia nini, maana kuuliza hivyo ni kumwambia mwenyeji usoni kwamba unaitilia shaka roho yake. Basi nikasema popote, Bwana Hayashi. Akauliza tena. Nikasema yote mizuri. Akauliza mara ya tatu (maskini, alikuwa anataka tu kuisaidia barua yake ijibiwe), na mimi nikanyoosha kidole nikakiweka juu ya kile kijitabu cha tatu, penye maji ya moto.

Akafurahi sana. Akasema ndiyo, hapo ni pazuri, na kutoka nyumbani kwa mkwewe mtu anaweza kwenda kwa miguu. Kesho yake alfajiri akaondoka na gari kwenda Mkange kwa wiki mbili, na kwa kuwa aliona nimevipenda vile vijitabu, akaniachia.

Siku zile nilizipitisha nikiwa sipo. Nilikuwa nasimama kwenye majaruba, jua la utosi, vijana wanakokota reki, na mimi naisikia theluji inadondoka. Haina sauti, hilo nilikuwa na hakika nalo, inadondoka tu, na kila kinachodondokewa kinanyamaza. Niliiona ile nyumba ya mbao, nikaijua mpaka ndani, mahali pa kuvulia viatu, dirisha langu, harufu ya moshi wa kuni za kule ambazo si mkoko. Nilijiona nimekaa ndani ya maji ya moto, mvuke unapanda, na mbele yangu mlima wote mweupe hauna unyayo hata mmoja, unaningoja. Kijana ananiuliza bosi, maji tuyafungulie au bado, namjibu bado, kumbe yalikuwa yafunguliwe tangu asubuhi.

Ningebaki na ndoto zangu hizo ningepona. Lakini Shangazi Saada alikuwa dirishani siku ile anachambua mchele, na alipomwona Bwana Hayashi ameingia chumbani alishuka na ungo wake akaniuliza yule mgeni na picha zake alikuwa anataka nini. Nikamjibu kwamba kaniuliza nataka niende mlima upi. (Angalieni neno moja hilo, niende, nililolichomeka bila hata kulifikiria.) Shangazi alitikisa ungo, akauweka chini, akajitanda kanga yake, akatoka. Ilipofika magharibi nilipokwenda msikitini watu watatu niliowaheshimu waliniombea safari njema.

Hapo ndipo ilikuwa niseme jamani ngojeni kwanza. Sikusema. Nilitabasamu, nikaangalia chini, kama mtu mnyenyekevu aliyejaliwa. Siku ya pili barazani kwetu hakuna pa kukaa. Kila mtu anataka kuona vijitabu, na kila aliyeviona ana chaguo lake. Wavuvi waliotoka Mlingotini kuuza samaki walishikilia mlima wa viti vya angani, wakasema mtu akisafiri mbali namna ile apande kitu ambacho akirudi hataulizwa mara mbili. Vijana wa mpira walitaka ule uliosimama wima. Kina mama wote, bila hata mmoja kupinga, walikuwa na mimi, kwenye maji ya moto, na Shangazi aliyashangaa kuliko wote, akawa anauliza ni nani anayeyachochea usiku. Mzee mmoja aliyewahi kufika Mombasa akatueleza habari za baridi. Nyumba tuliyokaa, mtaa wetu wote, kwa wiki nzima ulikuwa unazungumza kwa sauti ya chini, kama watu waliomo ndani ya ile picha, na joto la vuli limetukaba shingoni.

Sasa harusi. Januari ile iliangukia Mfungo Pili wetu sawia. Nikafikiri siku mbili, na sikufikiri vibaya kwa maoni yangu: Zuhura yupo, haendi popote, lakini theluji haikai, Bwana Hayashi mwenyewe kasema ikifika Machi imeyeyuka. Nikawatuma wazee wawili wa mtaani kwa Mzee Athumani wakamwombe tusogeze mbele mpaka baada ya Maulidi. Mzee Athumani aliwasikiliza huku anapitisha uzi kwenye sindano. Akasema kijana akipata safari ya heshima si vizuri kumfungia mlango, yeye hana neno, na mikeka haiozi. Nikauliza na Zuhura amesema nini. Wakasema Zuhura hakusema kitu. Nikafurahi, nikahesabu ni ridhaa.

Baada ya hapo nilikuwa mtu wa kuandaliwa. Shangazi akaenda kwa jirani aliyekuwa askari zamani za vita vya Wazungu, akarudi na kabuti, koti zito la jeshi la kufika magotini, lina vifungo vya shaba na harufu ya panya, nikaambiwa nilivae kila alasiri mwili ulizoee. Nililivaa. Nilikuwa napita sokoni nimevaa kabuti, jasho linachuruzika mpaka viatuni, na watu wananipisha njia. Ile ya kupishwa njia, nawaambieni, ni tamu. Kisha wakanikumbusha kwamba sijui kuteleza. Itakuwa aibu, walisema, mtoto wa Bagamoyo afike mbele za watu wazima wa Japani aanguke. Nikaona wana haki.

Nikaenda kwa fundi Makame anayeunda mashua, nikamwonyesha picha. Fundi Makame aliitazama kwa muda, akageuza kijitabu, akatazama upande wa pili, akasema hizi ni mbao za ubavuni tu, zimepindwa pua. Akachukua mbao mbili za mvule, akazilowesha, akazipasha moto, akazipinda ncha zikainuka kama zinanusa kitu. Akazitoboa mashimo ya kamba za kufungia miguu. Kisha kwa kazi njema akazipaka shahamu, yale mafuta ya mnyama na chokaa wanayopaka chini ya mashua ili ipite majini vizuri. Nilizibeba begani kupita mjini na paka kumi nyuma yangu.

Na mlima? Mlima ninao kazini. Msimu wa jua ulikuwa unaisha, chumvi yote ya miezi imekusanywa lundo moja tukisubiri kulifunika makuti kabla mvua haijashika, lundo ambalo juu yake ungechungulia dirisha la ghorofa, jeupe, ubavu wake umekauka na kuwa mgumu. Nimelitazama lundo hilo kila siku bila kuliona, na sasa nikawa siwezi kulipita bila kusimama. Nikamwambia kijana mmoja tu kwamba Ijumaa baada ya sala nitajaribu kidogo, pasipo na watu.

Ijumaa baada ya sala msikiti wote ulikuja. Ulikuja na akina mama waliokuwa hawakusali huko, wamefungua miavuli, wamekaa kwenye kingo za majaruba kama wapo kwenye ngoma. Mtu wa kashata alikuja na sinia lake. Na Mzee Athumani, ambaye hakuna aliyepata kumwona akifunga cherehani yake mchana, alikuja, amevaa kanzu yake nzuri, akasimama kando mikono nyuma. Nilipomwona huyo nikatamani kurudi. Lakini nimeshavaa kabuti, nimefungwa mbao miguuni kwa kamba za usumba, na vijana wanne wamenibeba mzobemzobe mpaka juu ya lundo, kwa kuwa mtu mwenye zile mbao hawezi kupanda kitu.

Juu pale upepo ulikuwa unavuma. Nikaangalia chini nikaona weupe, weupe mtupu, jua limeupiga mpaka hauna mwisho, na watu wote wakawa wadogo na wamenyamaza. Nikafumba macho kidogo. Nikasukuma.

Wallahi, kwa pumzi tatu hivi nilikuwa Japani. Shahamu ya fundi Makame ilikamata vizuri, mbao zikaenda, upepo ukaingia ndani ya kabuti, na sikusikia kitu chochote isipokuwa ule mkwaruzo mwepesi wa chumvi chini ya miguu yangu, na nilijua, kama mnavyojua majina yenu, kwamba theluji ndiyo hii. Sijawahi kupata furaha ya namna ile tena, na nimeishi. Pumzi ya nne mbao ya kushoto ikakumbuka kwamba ni ubavu wa mashua, ikachimba. Mimi nikaendelea. Nilishuka kwa bega, nikashuka kwa mgongo, kabuti likanifunika kichwa, mbao zikawa zinapiga angani kama mabawa, nikafika chini, sikusimama, nikavuka ukingo, nikaangukia ndani ya jaruba la maji makali yale ambayo yamebakiza siku mbili kuwa chumvi, na goti na viwiko vyote vimechubuka. Mwenye kuyajua maji hayo na mchubuko nisimweleze zaidi.

Niliinuka mweupe kutoka utosi hadi kucha. Macho hayaoni. Nasikia tu, kwanza kimya, kisha mtoto mmoja, kisha Bagamoyo nzima. Walicheka mpaka miavuli ikaanguka. Ningekubali hicho kicheko kiwe ndiyo mwisho, ningekipokea kwa mikono miwili, mtu aliyeanguka akijifunza safari yake si aibu kubwa. Lakini barabara ya kutoka Mkange inapita pale juu, na Bwana Hayashi alikuwa anarudi, akaona umati, akasimamisha gari.

Alishuka mpaka ukingoni mwa jaruba. Alinitazama, akazitazama mbao, akaelewa kwa namna yake kwamba mji umemwandalia michezo ya kwao kumuaga, na nilipofanikiwa kufungua jicho moja nikaona machozi yamemlenga. Akainama mpaka chini, akainama kwangu, akainama kwa watu wote. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kile cha kutua, na kwa kuwa watu walinyamaza kwa heshima yake, kila mmoja alisikia.

"Nawashukuru sana. Ninaondoka kesho. Shomari alinichagulia mlima, na mke wangu ameupenda. Tutakwenda huko, mimi, yeye na watoto wetu wawili."

Watu wakangoja aendelee. Hakuendelea. Shangazi Saada akawa ananitazama mimi, mimi natazama maji. Ndipo Mzee Athumani akasogea, taratibu, akauliza kwa adabu yote, na Shomari naye anaondoka hiyo kesho au anafuata. Bwana Hayashi akashangaa kweli. Akatoa kile kijitabu chake mfukoni, akakifungua, akakionyesha.

"Lakini Shomari anaoa," akasema. "Mwezi ujao. Nimeandika hapa. Nimesikitika sana kwamba nitaikosa harusi."

Safari hii hakuna aliyecheka, na ndipo nikajua tofauti ya aibu na aibu. Watu waliondoka wawili wawili, wanafunga miavuli, wanaongea mambo mengine kwa sauti za kujilazimisha ili mimi nisikie kwamba hawaongei langu. Mzee Athumani alikunja kanzu yake isiguse matope, akaenda zake. Bwana Hayashi alinipa mkono kunitoa jarubani, hakuniuliza kitu, na nadhani ilipofika njia panda alikuwa ameshaelewa, maana alikaa kimya tofauti na kimya chake cha siku zote. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Alikuwa ameniuliza swali, na mimi nimemjibu.

Nilikaa ndani siku tatu, Shangazi ananipaka mafuta ya nazi viwikoni. Siku ya nne akasema Zuhura anataka kusema nami, mama yake ameruhusu, dirishani, yeye Shangazi akiwepo. Tukaenda baada ya alasiri. Dirisha la uani, nusu ya ubao imefunguliwa, namwona mkono tu na ncha ya ushungi, ana kofia anaidarizi, sindano haisimami. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nilikuwa nimeandaa kumwambia kwamba harusi iwe tarehe ileile, kwamba yule Mjapani ndiye aliyenichanganya, kwamba nilitaka kumletea zawadi kubwa. Akanitangulia.

"Mjapani wa watu aliikumbuka harusi yangu," akasema. "Wewe siku zote hizo, huko ulikokuwa unakwenda, mimi ulikuwa umeniweka wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Shangazi mwenyewe alinikanyaga mguu niseme. Lakini nilipoulizwa nilifanya kitu cha kijinga, nilirudi kweli kule kumtafuta. Nikaingia ile nyumba ya mbao chumba kwa chumba, nikatazama dirishani kwangu, nikatazama penye viatu, vilikuwa viatu vyangu tu. Nikaenda kwenye maji ya moto. Nikautazama mlima wote. Nilikuwa nimeiweka miti yote pale, na mvuke, na baba mkwe wa mtu mwingine, na mji mzima unaningoja nirudi, na Zuhura nisingeweza kumwona popote, kwa sababu sikuwa nimemweka.

Nikamwambia, "Sikukuweka."

Sindano ikasimama. Akasema, "Haya. Ahsante kwa kusema kweli," na hakusema kwa hasira, ningependa ingekuwa hasira, hasira ina mlango wa kurudia. Akavuta ubao wa dirisha polepole usipige kelele. Wiki hiyo wazee wakarudisha posa yangu kwa maneno mazuri, na baada ya Maulidi, wakati ule ule nilioomba mimi, Zuhura akaolewa na mwalimu wa Pangani, na mikeka iliyotandikwa ilikuwa ileile. Nimesikia wana watoto sita. Nimesikia pia bado anacheka amechelewa.

Mimi nilioa baadaye, Mwajuma mnamjua, ndiye aliyeleta kahawa hii. Na kichwa changu hakikupona, bado naondoka nikiwa nimekaa, umri huu, nakwenda mbali kuliko zamani. Ila niliapa siku ile ubao ulipofungwa, na sijavunja: sianzi safari yoyote kabla sijamtafutia mwenzangu pa kukaa. Nikianza kuota shamba, kwanza naota yeye yuko kivuli gani. Nikiota Makka, kwanza naota nimemshika mkono. Huwa namweleza, naye hunicheka, husema hajaona mume anayemwota mke aliyelala naye nyumba moja, na wenzake wanamwonea wivu kwamba anapendwa kupita kiasi. Namwacha aamini hivyo. Mapenzi yamo, lakini lililo kubwa ni woga, siku moja asije akaniuliza swali lile nikatazama huku na huku nisimwone.